Kipande cha Kwanza

Siku ya kwanza Taratibu alipomtia machoni Unywele, alimkuta anabusu chuma. Kafumba macho, kainamisha kichwa, anakipitisha kitu kwenye mdomo wa chini polepole kama bwana harusi mwenye aibu. Taratibu, aliyekuja kuomba kazi, akarudi nyuma mlangoni asije akawakatiza.

"Ingia tu," akasema yule mtu, macho bado kayafumba. "Huyu hana wivu."

Ilikuwa karakana ya kupiga vipande vya shaba vinavyoshika betri ndani ya saa za mkononi, kila kimoja kidogo kuliko chawa aliyeshiba. Unywele ndiye aliyechonga kalibu, yaani vyuma viwili vigumu, cha juu na cha chini, vinavyokutana ndani ya presi na kuukata ukanda wa shaba uliopita katikati. Vikipishana hata kidogo, kipande hutoka na ncha kali ukingoni. Pale walikiita kipande chenye ndevu. Vidole vya Unywele vilikuwa vimeota sugu, havihisi kitu, kwa hiyo ndevu alizitafuta kwa mdomo. "Unywele mmoja umezidi," ndilo lililokuwa neno lake, na jina likamganda.

Ungedhani mtu wa namna hiyo hata sukari huitia kwenye chai kwa mizani. Thubutu! Maisha yake yote alihudumia saa za watu, yeye hakuwa nayo hata moja, na kila asubuhi aliingia kazini kachelewa, anafunga vifungo vya shati njiani. Nyumbani kwake mlango aliouchonga kwa mikono yake mwenyewe haukufunga, ukazuiwa kwa tofali. Meza nayo ilicheza hata ukipiga chafya chumba cha pili. Watu wakimtania, alijibu, "Nyumbani hakuna mteja."

Jambo moja tu la nyumbani alilikagua kwa macho ya kazini: wachumba wa dada yake.

Huyo dada alikuwa mjane, naye alifanya kazi humo humo karakanani, dirishani, na kibanio mkononi na sahani tatu mbele yake. Sahani ya vizima, sahani ya vibovu, na sahani ya pembeni, ya vile vinavyotia shaka. Vya pembeni Unywele alivitazama mwenyewe asubuhi, jua likiingia. Kibovu alikitupa hata kama taa zimezimika. Kilichompendeza ndicho alichokiwekea subira mpaka apate mwanga mzuri.

Wachumba hawakupewa subira. Wa kwanza alikataliwa kwa sababu anacheka kafunga mdomo. Wa pili anapepesa macho. Wa tatu, mwenye duka la vioo, mtu mzima na heshima zake, alirudishwa kwa kuwa bega moja limeshuka.

Taratibu alipewa presi iliyo karibu na dirisha, na haukupita muda moyo wake ukahamia kule kwenye sahani. Alipeleka trei za vipande hata pale zilipokuwa hazijajaa.

"Wewe nawe," yule mama mjane akamwambia siku moja, "umeleta vipande au umekuja kuhesabu kope zangu?"

Taratibu alitabasamu akakanyaga ndoo. Mdomo wake ulikuwa mzito tangu utotoni. Maneno alikuwa nayo, ila yalitoka wakati wenyeji wameshalala.

"Nikipendwa kimya kimya hivi nitazikwa nikiwa mjane," mama akaendelea. "Mwambie kaka."

"Mashine zinapiga kelele. Sauti yangu haifiki."

"Basi ngoja zinyamaze."

Na zilinyamaza kwa jambo moja tu. Kalibu mpya ilipofungwa, mashine zote zilizimwa, kipande cha kwanza kikapigwa kwa mkono, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa mpaka Unywele akipitishe mdomoni na kutamka, "Kimepita." Kipande hicho ndicho kilichohukumu kalibu nzima, naye akakihifadhi kwenye kiberiti kitupu.

Siku hiyo ikafika. Mwenye karakana alisimama na mteja wake, wamekunja mikono. Presi ikashuka mara moja, kipande kikatoka. Unywele akakiokota kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. Kimya kikatanda hata maji ya bomba yakasikika yanadondoka uani. Taratibu akaona kimya kingine kama hiki atakisubiri mpaka mwaka ujao. Akajikaza kisabuni.

"Fundi, nataka kumwoa dada yako."

Unywele akavuta pumzi kwa mshangao. Akashika koo. Akameza.

"Kipande kiko wapi?" mwenye karakana akauliza.

"Kimeingia ndani."

"Piga kingine!"

"Kingine si cha kwanza." Unywele akainua mkono watu wanyamaze, akameza mate, akasikilizia, akameza tena. Uso ukamkunjuka. "Kimeshuka bila kukwaruza. Hakina ndevu hata moja. Kimepita!"

Mteja akamtazama mwenye karakana. Mwenye karakana akatazama dari.

"Na huyu?" dada mtu akauliza kutoka dirishani.

Unywele akamtazama Taratibu kuanzia viatu mpaka utosi. "Huyu mwekeni pembeni."

"Sahani ya pembeni naishika mimi, kaka," akajibu yule mama, akaufungua mkoba wake ili ajitie wanja.

Wakaoana. Unywele alihudhuria, sherehe ikiwa imebaki sahani za kuoshwa. Miaka ikapita, nyumba yao ikatulia, na Taratibu hakukosa kitu, ila lile neno moja. Kila walipokutana shemeji yake alimkagua, akaguna, akaomba chai. Mkewe alimcheka: "Unalala kwangu, unakula kwangu, bado unataka muhuri?" Alikuwa akiutaka. Aliyeyakubali mamia ya vipande vya shaba anashindwaje na mtu mmoja?

Unywele alipougua, mikono ilitetemeka na macho yakaingia ukungu. Taratibu alikwenda kila jioni, akilisogeza tofali la mlangoni kwa mguu. Jioni moja mgonjwa alikuwa amechoka mno, hata chai hakuiomba. Taratibu akaketi kitandani, akapiga moyo konde, na safari hii hakusubiri kimya.

"Shemeji, mimi je? Nimepita?"

Mgonjwa akamshika kidevu, akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, macho kayafinya.

"Fungua dirisha."

"Liko wazi, shemeji."

"Basi jua limeshatuacha. Wewe sikupitishi kwa mwanga kama huu. Njoo kesho asubuhi."