Kamera Iliyofunguka Bila Kuuliza

Tega sikio, mwanangu. Kuna siku moja ya ujana wangu pale Tunduma ambayo hadi leo nikiikumbuka, nashika kichwa.

Nilikuwa nikihudumu katika duka la intaneti la Mzee Shabani, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kigoma. Tulitumia programu huria ya kuchati. Huria maana yake maagizo yake yameachwa wazi. Ukiyaelewa, unaruhusiwa kuyarekebisha. Programu ile ilipeleka maandishi tu. Nikajifunza taratibu, miezi mingi, mpaka nikaitia uwezo wa kamera ili watu waonane.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Neema wa Chitete. Bintiye, Neema, alikuwa amejifungua Kitwe, upande wa Zambia, na mama hakuwa na afya ya kusafiri. Alitaka jambo moja tu: kumwona mjukuu. Nikamtumia Neema programu yangu, nikamkalisha mama mbele ya kioo cha kompyuta. Joto lilikuwa kali, akavua kilemba. Nikabonyeza.

Mwanangu, kamera ya Kitwe iliwaka yenyewe. Ndivyo nilivyoiandika: mmoja akipiga, kamera za pande zote mbili zinafunguka papo hapo. Na aliyetokea kiooni hakuwa Neema. Alikuwa mumewe, kifua wazi, akijifuta maji ya kuoga. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani mpaka wazee wawafungulie kwa mila. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia porini. Wale wawili walitazamana ana kwa ana. Mkwe alitoweka, kikabaki kiti. Mama alijifunika khanga uso mzima, akateleza hadi sakafuni.

Nami, ujana bwana, nikacheka.

"Umenivua nguo mbele ya mkwe wangu, halafu unacheka," alisema akiwa ndani ya khanga. Akaondoka bila kumwona mtoto, akaapa hatarudi.

Mzee Shabani hakunifokea. Aliniuliza tu ni nani aliyeruhusu kamera ile ifunguke. Nikamjibu kwamba ni kompyuta.

"Kompyuta haina aibu, binti yangu," akasema. "Aibu ulipaswa kuwa nayo wewe uliyeiandika."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Niliandika upya maagizo yale, kamera isiwake mpaka mwenyewe akubali. Kisha nikaenda Chitete, vumbi mpaka kwenye kope, nikapiga magoti. Mama Neema aliniacha magotini muda mrefu. Mwishowe akasema, "Ya mkwe wanayashughulikia wazee. Wewe shughulikia yako."

Baada ya wiki kadhaa alirudi. Maneno yakatokea kiooni, nikamsomea: Neema anaomba kukuona, unakubali? Akataka kwanza niulize nani yuko chumbani. Neema akaandika kuwa ni yeye na mtoto tu. Mama akafunga kilemba vizuri, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Mtoto alikuwa anapiga miayo. Mama akasogea karibu na kioo, na mimi nikageuka ukutani nimwache na mjukuu wake.

Utaunda mambo makubwa kuliko yangu, mwanangu, na hilo linanifurahisha. Ila kujua kufungua si ruhusa ya kufungua. Mungu aibariki mikono yako, ayape macho yako staha. Na leo, kabla hujampigia mtu kwa video, mwandikie: "Naweza kukuona?" Kisha subiri ajibu.