Nilivyochomoa Kidude Siku ya Posa ya Dada

Naona haya hata kuisimulia, lakini kwa kuwa kule kwetu Rugerero mpaka leo wananiita "mupinzani", bora mnisikie mimi mwenyewe.

Siku ya gusaba (ile shughuli ya posa) ya dada yangu Solange tulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli ninayofanyia kazi ya ufundi wa mtandao, basi nikapewa jukumu moja tu: Koko, bibi yetu aliyeko Goma ambaye miguu imemkatalia kuvuka mpaka, aone kila kitu kwenye simu yake. Picha zikawa zinakwamakwama. Sasa si mnajua wasemaji wa pande mbili wanavyobishana, huyu anaomba, yule anakataa kwa mzaha, saa nzima? Nikajiambia muda ninao, ngoja nikabadilishe kile kidude kinachoshika waya wa faiba kwenye swichi, yaani kile kisanduku kinachogawa mtandao.

Vilikuwa viwili, vinafanana. Utaratibu ni uzime kwanza tundu lake kwenye kompyuta, uchomoe waya, ndipo ulegeze kishikizo na kuvuta taratibu, lakini mimi (fundi mzima!) nikaona taa moja inapepesa, nikasema mgonjwa ndiye huyu, nikavuta. Kumbe kupepesa kule ndiko kulikoonyesha picha zinakwenda Goma! Kila kitu kikakatika. Nikakirudisha, kikagoma, nikasukuma kwa nguvu, kumbe nimekigeuza juu chini, kikanasa, hakiingii wala hakitoki. Nilichanganyikiwa, nikakimbilia ukumbini na waya mkononi, nikapiga kelele:

"Musimamishe kwanza! Iko problème!"

Kumbe Baba Mdogo, msemaji wetu, ndiyo kwanza ametamka kwamba binti tumemtoa. Ukumbi mzima ukanigeukia. Msemaji wa wakwe akainuka kuniomba radhi, sijui ya nini, akaongeza ng'ombe mmoja kwenye mahari. Solange, aliyekuwa nyuma ya pazia akingoja kuitwa, akaanza kulia.

"Jean, we unakatala dada yako aolewe?" akauliza Baba Mdogo.

"Hapana, Baba. Ni swichi..."

"Swichi ni mutoto ya nani?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamsihi angoje kidogo, akasema bibi arusi hangojeshwi, wala hatolewi mara mbili. Nikarudi mbio kupigana na kidude, huku nasikia vigelegele.

Baadaye Koko akapiga simu.

"Mujukuu, mi niliona bazee banabishana, kisha giza. Solange alivaa rangi gani?"

Nikampa Baba Mdogo simu amjibu, kwa sababu hata mimi sikumwona alipotoka.

Siku hizi nazima kwanza, natoa waya, ndipo nashika kidude. Na kwenye gusaba, nimeapa, nakaa kwenye kiti kama wageni wengine na mikono yangu mapajani.