Spika ya Kuazima

Hebu mfikirieni mama wa Kigombe akiingia duka la redio hapa mjini, amebeba spika iliyofungwa kwa kanga kama mtoto mchanga. Nilikuwa pale nikinunua sindano za santuri.

"Shikamoo, fundi. Ijumaa namwoza binti yangu. Spika nimeazima, nataka redio ya kuitia sauti. Nipe ile kubwa, hata wa kijiji cha Tongoni wasikie!"

"Marahaba." Fundi mzee akaunganisha ile kubwa na spika ya mama, akaanza kupandisha sauti taratibu. "Weka kidole hapa, mama. Kwenye karatasi ya spika."

Mama akaweka. Sauti ilipopanda, karatasi ikatetemeka, ikakwaruza. Akaondoa mkono upesi.

"Yallah! Itapasuka, nayo si yangu!"

Fundi akaunganisha redio ndogo. Mama akarudisha kidole, akainamisha kichwa. Kila neno lilisikika safi.

"Lakini hii haifiki Tongoni, fundi."

"Bwana harusi anakaa Tongoni?"

"Aa, jirani yetu huyo."

"Basi itamfika."

Mama akacheka, akaichukua ndogo.

Nimefundisha watoto miaka mingi, na darasani pia nimepaza sauti kuliko masikio yaliyokuwa mbele yangu yalivyoweza kupokea. Mkienda kuchagua redio, tafadhali kumbukeni moja tu: nendeni na spika yenu.