Twiga Kwenye Msingi wa Mama

Leo nimemliza mama kwa nyumba ninayomjengea mwenyewe.

Niko kijijini kwetu, Kondoa. Mawe ya msingi tumepasua mlimani hapo juu. Mimi ndiye niliyesema yasitoke mbali, jamani. Mimi!

Asubuhi fundi kamwagia jiwe maji kabla ya kulijengea. Vumbi likatoka.
Ikatokea miguu ya twiga, ile michoro myekundu ya watu wa kale.

Nikauliza, "Mwili wake uko wapi?"
Fundi akanyoosha kidole kwenye msingi. Saruji imeshakauka tangu jana.

Mama alikuwa anatuletea uji. Akaitua ndoo, machozi yakamtoka. Kwenye mwamba ule tulioupasua ndiko yeye na wanakijiji wenzake wanakoombea mvua.

Niambieni ningemjibu nini, maana aliniuliza hivi:
"Sasa mwanangu, mvua tuje tuiombee sebuleni kwangu?"