Sanamu ya Plastiki Chumbani kwa Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa kushuku, na nalipwa mshahara kwa ajili hiyo. Ni mlinzi kwenye geti la mtambo mmoja wa kuchenjulia dhahabu hapa Geita. Wanawake wanaotoka zamu hupita kwangu mmoja mmoja nyuma ya pazia, nami nawapekua viatu, nywele, mikunjo ya kitenge, hata wali uliobaki kwenye hotpoti. Watu hudhani tunatafuta dhahabu yenyewe, ile ya njano. Tunachotafuta zaidi ni kaboni, chenga nyeusi zinazonasa dhahabu ndani ya matangi. Ukizikuta mahali bila kujua ni nini, utafikiri mtu kamwaga mkaa.

Nimewahi kukuta kaboni ndani ya andazi. Nimeikuta pia kwenye mkebe wa mafuta ya kujipaka, juu yamesawazishwa vizuri kama hayajaguswa. Tangu hapo mtu akiniambia kitu fulani ni kitu tu, namtazama mara mbili.

Mdogo wangu alipomaliza chuo, alikosomea mambo ya maabara, mimi ndiye niliyemwombea kazi pale pale. Meneja aliniita ofisini akasema bila kuzunguka: huyu akiiba, mnaondoka wote wawili. Nikakubali. Yule mtoto nimembeba mgongoni, tukiwa kwetu Tinde, nitakataaje? Akaja kuishi kwangu, nikampa chumba cha pili. Kila jioni nilimpekua kazini kama nilivyowapekua wengine, kisha tukapanda bodaboda moja kurudi nyumbani, yeye akiniiga ninavyosema "geuka" na mimi nikimfinya.

Ndipo yakaanza mambo ya plastiki. Kwanza alinunua kikombe chenye picha ya gemu anayoicheza kwenye simu, elfu thelathini. Kikombe! Sokoni kwa hela hiyo natoka na vikombe sita, sahani zake na sufuria ya maharage. Tena chake hakitaki chai ya moto, eti picha itabanduka. Nikamwuliza kikombe kinachoogopa chai ni cha kazi gani. Akacheka, akaweka kalamu ndani yake.

Baadaye Jumamosi moja ukaja mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa sanamu yenye urefu wa chupa ya soda, mwanamke mwenye nywele za zambarau na upanga mkononi, mguu mmoja kakanyaga mwamba. Plastiki tupu, toka utosini hadi kwenye ule mwamba. Laki moja na themanini. Kwa hela hiyo mtu anaenda mnadani akarudi na mbuzi wawili, na mbuzi huzaa.

"Dada, hizi ni chache," akaniambia. "Zina namba chini."

"Hata noti bandia zina namba," nikamjibu.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilijiuliza ni nani mwenye akili zake anayelipa laki moja na themanini kwa plastiki, na jibu likawa lile lile kila mara: hakuna. Basi bei ile haikuwa ya plastiki. Ama alikuwa na fedha nisizozijua zilikotoka, ama sanamu ile ilikuwa chombo cha kubebea kitu. Halafu Ijumaa, tukila, akasema bila wasiwasi kwamba rangi ya shavu imekosewa kidogo, labda atairudisha dukani. Nikarudisha tonge sahanini. Kitu kimekuja kitupu na sasa kinarudi Dar es Salaam. Mchezo huo naujua, nimeukamata getini kwa watu wenye sura za upole kuliko yeye.

Jumapili alipokwenda mazoezi ya kwaya, niliingia chumbani kwake. Nikaichukua sanamu na kuipima mkononi. Juu ilikuwa nyepesi, chini kwenye mwamba nzito. Nikaitikisa. Kitu kikalia ndani, cheke cheke.

Sitaki kujitetea. Ningeweza kungoja arudi nimwulize. Lakini niliogopa, na hofu yangu haikuwa ya kazi peke yake. Niliogopa kwamba nimeishi na mwizi, nikampikia, nikacheka naye, na mikono yangu hii inayojivuna kila siku haikugundua. Nikapasha kisu cha mboga kwenye jiko la mkaa, nikaukata ule mwamba kuuzunguka, kisha nikakata na mguu uliokuwa juu yake. Nyumba ikajaa harufu mbaya ya plastiki inayoungua.

Kikadondoka kipande kimoja cha chuma, cha kuizuia sanamu isianguke. Gundi iliyokishika ilikuwa imeachia. Sikuridhika. Nikachukua sumaku, maana dhahabu haivutwi na sumaku, na kile kipande kikarukia na kung'ang'ania. Hapo ndipo nikaamini kwamba ni chuma tu.

Nilikuwa bado nimechuchumaa pale aliporudi.

"Dada, umeunguza nini?"

"Ilianguka," nikasema.

Alitazama kisu, akatazama sumaku. Huyu ni mtu wa maabara, hakuhitaji kuelezwa.

"Ulidhani ni kaboni."

Akakaa chini, akauokota ule mguu.

"Unakumbuka mama alipolazwa Kolandoto, wewe ukakosa ruhusa?" aliuliza. "Nilikuwa nakaa naye wodini. Akilala, nacheza hii gemu ili nisilie. Huyu ndiye niliyekuwa namchezesha. Najua wamenipiga bei, dada. Nilijua hata wakati natuma hela. Nilimtaka tu."

Nilijua alikaa na mama. Kwamba alikuwa akijizuia kulia sikuwahi kujua, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Mimi maswali yangu yote yalikuwa ya mifukoni.

Hakunigombeza. Kesho yake aliniamkia kama kawaida, shikamoo dada, marahaba. Ila kwenye bodaboda aliacha kuniiga.

Mwisho wa mwezi nilipiga simu mwenyewe kwenye lile duka. Bei ilikuwa imepanda. Nilimwambia muuzaji kwamba huo ni wizi, akasema mama, hata wewe utaipenda. Nikamwuliza ndani mna nini. Akacheka sana. Nilituma fedha huku naamini kabisa kwamba natapeliwa, na mpaka leo naamini hivyo. Plastiki ile haistahili hata robo ya ile bei. Lakini nililipa.

Mzigo ulipofika niliuleta nyumbani na utepe wake wa gundi, na kamba zake, sijagusa hata pembe. Nilijivunia hilo njia nzima. Nilikuwa nimepanga na maneno ya kuomba msamaha, maana mimi na kuomba msamaha hatujazoeana. Alifungua boksi polepole, akaitoa sanamu, akaigeuza. Shavu lilikuwa sawa safari hii. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile, halafu akaninyooshea.

"Ishike na wewe uione," akasema.

Niliipokea kwa mikono miwili. Maneno yangu yalikuwa tayari mdomoni. Lakini kabla sijalitoa hata moja, mkono ulikuwa umeshaipandisha sikioni na kuitikisa.

Tabasamu likafutika usoni mwake. Akaichukua taratibu, akasema asante dada, akaenda nayo chumbani. Nikasikia ufunguo ukizungushwa mlangoni. Tangu aje kuishi kwangu, alikuwa hajawahi kufunga ule mlango.