Vifungo Kumi na Sita vya Wifi

Kaka yangu ni mwaminifu kwa kila mtu isipokuwa mkewe. Msinielewe vibaya, sisemi habari za wanawake. Nasema habari za gauni. Kitambaa cha wifi, buluu nzito aliyoichagua mwenyewe dukani, kilikaa sandukuni miaka kumi na moja, na kila alipokiulizia aliambiwa "wiki ijayo". Wanasema kinyozi hajinyoi. Lakini kinyozi angalau ana sababu, hakioni kisogo chake. Fundi cherehani analala chumba kimoja na mkewe, na vipimo vyake anavijua hata taa ikiwa imezimwa.

Watu humwita Pindo, kwa sababu ya pindo za nguo zake. Geuza sketi aliyoishona ndani nje, utafute uzi ulipoanzia, utachoka wewe. Tunashona pamoja katika chumba kimoja tangu nilipokuwa msichana, cherehani yake dirishani, yangu karibu na meza ya pasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa hiyo nikimsema, namsema kwa haki ya mdogo mtu aliyechapwa rula vidoleni kila alipokata kitambaa upogo.

Maradhi yalianzia kwenye viwiko. Mabaka mekundu yaliota magamba meupe, yakashuka hadi magotini, yakapanda hadi nywele zinapoanzia. Daktari wa ngozi alisema ni soriasisi, akampa marhamu, akamhakikishia kwamba haiambukizi. Kaka akapaka, akavaa mikono mirefu hata siku za joto, akaendelea kushona. Mteja mmoja alikiona kiwiko chake, akaanza kukikunja kitambaa chake polepole, eti amekumbuka ana safari. Nilimwambia ugonjwa ule hauambukizi, ila ujinga sina hakika nao. Hakurudi, nami sikumtafuta.

Mabaka tungeyazoea. Kilichotuumiza ni vidole. Viwili vya mkono wa kulia na kimoja cha kushoto vilivimba kuanzia shina hadi ncha, vikawa vinene na vigumu kama ndizi mbichi. Asubuhi alikaa kitandani saa nzima akijaribu kukunja ngumi. Wifi alimfunga vifungo vya shati kila siku kabla ya kwenda shuleni kufundisha. Mimi nilifika kazini mapema, nikamtungia uzi kwenye sindano ya cherehani yake, ili asilazimike kuniomba. Miaka miwili tulifanya hivyo bila kulizungumza. Yeye alikaa, akaukuta uzi upo, akakanyaga pedeli. Mimi nilikuwa naumia moyoni na kujifanya natafuta mkasi.

Kisha ikafika zamu ya wifi kustaafu. Shule ilipanga hafla ya kumuaga, bado miezi mitano. Tulikuwa mezani tunakula, akaweka kijiko chini.

"Baba watoto," akasema, "nimefundisha miaka thelathini na tano. Nikiagwa na gauni la dukani, watu watasemaje juu ya mume wangu fundi?"

Kaka akavitazama vidole vyake. "Nitalishona. Kwa mikono hii hii."

"Kaka, mimi nipo," nikasema. "Wewe kata, mimi nishone."

"Hilo gauni ukiligusa," akanijibu, "undugu ukautafute kwingine."

Ndivyo alivyokubali kwenda kwa daktari wa viungo, aliyekuwa akimkwepa kwa visingizio vya kila aina. Daktari akasema ngozi na vidole ni ugonjwa mmoja. Kinga ya mwili, badala ya kulinda nyumba, inawapiga wenye nyumba. Vidonge alivyokuwa akipewa na daktari wa ngozi havikutosha, sasa alihitaji dawa ya kibayolojia, ya kuchoma chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili. Akapimwa kwanza damu na kifua, kwa sababu dawa hiyo hupunguza kinga kidogo, na kifua kikuu au homa ya ini iliyojificha inaweza kuamka. Majibu yakatoka safi. Tukapelekwa kwa nesi, mwanamke mnene mwenye miwani kwenye paji la uso, ili atufundishe.

"Kwa nini isiwe kidonge?" kaka akauliza.

"Hii ni protini, mzee wangu. Imetengenezwa kwa seli hai. Ukiimeza, tumbo litaisaga kama maharage, haitafika popote."

"Na ikifika inafanya nini?"

"Mwilini mwako kuna kemikali inayopeleka habari za vita kila mahali. Dawa inaikamata njiani. Habari isipofika, uvimbe unatulia."

"Kwa hiyo inamziba mdomo mbea."

"Hasa."

Kaka akanigeukia. "Na ya dada yangu hapa mnayo?"

Nesi alicheka mpaka miwani ikamshukia puani. Halafu akawa makini. Alisema dawa haiondoi ugonjwa, inautuliza, wala hailingani kwa kila mtu. Wengine huona nafuu baada ya wiki chache, wengine miezi mitatu. Akipata homa, apige simu kabla ya kuchoma. Dawa ikae kwenye friji, isigande, na itolewe nusu saa kabla ya kuchoma ili ipoteze ubaridi. Dozi ya kwanza akamchoma yeye mwenyewe. Zilizobaki tukaenda nazo nyumbani kwenye kisanduku cha barafu. Wifi akazipanga nyuma ya mayai, akabandika karatasi ya wino mwekundu, mwandiko wa ubaoni kabisa: HII SI CHAKULA.

Dozi ya pili ilikuwa Jumamosi asubuhi, sebuleni. Kifaa chenyewe kinafanana na kalamu nene. Unakibana pajani, unabonyeza, kinalia ta, unangoja, kinalia ta mara ya pili, na kidirisha chake kinageuka njano. Ukikiondoa kabla ya hapo, dawa inabaki nje. Kaka alinawa mikono, akapandisha kaptura, akapangusa mahali pasipo na baka, akatutazama sote wawili kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Akabonyeza. Ta. Na papo hapo akauchomoa mkono juu.

Dawa ikamwagika pajani. Unajua alichofanya kwanza? Alitazama kaptura kama imeingia damu. Kisha ndipo akatazama mguu.

"Imeingia?" wifi akauliza.

"Imeingia kwenye zulia," nikasema.

Wifi akapiga simu kliniki huku kaka akitaka kufungua kalamu nyingine. Nesi akasema asithubutu. Hawezi kujua ni kiasi gani kimeingia, na dawa hii haiongezwi kwa kukisia. Angoje ushauri wa daktari. Baada ya saa moja jibu likaja: asubiri tarehe ya dozi inayofuata, na hiyo akaichomee kliniki mbele ya macho yao. Kaka akaenda kukaa uani. Nilimfuata, nikamkuta anahesabu wiki zilizobaki kwa kugusa vidole vile vilivyovimba, na kwa mara ya kwanza nikamuona anaogopa.

"Mdogo wangu," akasema, "nikimwangusha safari hii, sitamwambia tena wiki ijayo. Hakuna wiki ijayo."

Nikaingia ndani, nikaanza kulisugua zulia.

Tulirudi kliniki watatu. Nesi akampa kalamu ya mazoezi, isiyo na sindano, na kipande cha sponji. Kaka akabana, ta, akachomoa. Akarudia, akachomoa. Mara ya tatu, akachomoa.

"Mzee wangu, unaogopa sindano?" nesi akauliza kwa upole.

Lo, alichukia. "Mimi? Mimi na sindano tumekula meza moja miaka thelathini na nne."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikajishangaa kwa kuchelewa. Sisi mafundi tukichomwa hatufikirii. Mkono unaruka wenyewe, kwa sababu tone moja la damu kwenye kitambaa cha mtu ni kesi. Mimi mwenyewe kwenye zile rula za kaka nilifundishwa hivyo: ukiguswa na ncha, ondoka. Nikamweleza nesi. Mazoea yana taabu, akasema, hajawahi kukutana na mgonjwa aliyeharibiwa na ustadi wake. Akapendekeza wifi ndiye awe anamchoma. Wifi, aliyewatuliza watoto wa watu miaka thelathini na tano, akasema akiona sindano anaanguka, na kweli alikuwa ameshashika kiti.

Kaka alikuwa akiitazama sponji. Akaiweka juu ya goti, akaipapasa pembe yake kwa kidole gumba.

"Kona," akasema.

Nesi hakuelewa, lakini mimi nilielewa. Ukishona kola ukafika kwenye kona, sindano haitoki. Unaiacha imezama kwenye kitambaa, unanyanyua mguu wa cherehani unaokibana, unakigeuza kitambaa, unashusha mguu, ndipo unaendelea. Ukiichomoa sindano kwenye kona, mshono unahama na kola inaharibika. Hilo nalo alinifundisha kwa rula.

Akaibana kalamu ya mazoezi. Ta. Mkono ulitaka kuruka, ukabaki. Midomo yake ikacheza: nyanyua, geuza, shusha. Ta. Akarudia mara tano, na mara zote tano akabaki. Kisha nesi akaleta kalamu ya kweli, iliyokuwa imeshapoteza ubaridi. Kaka akapangusa paja, akabana, akabonyeza. Uso ulikunjamana, mkono haukusogea. Nyanyua, geuza, shusha. Ta ya pili ikalia, kidirisha kikawa njano, na wifi, aliyekuwa amefumba macho muda wote, akauliza kama amekufa.

"Bado," kaka akasema. "Nina gauni."

Baada ya hapo alichoma mwenyewe kila wiki ya pili, akibadili paja, na zulia halikuonja tena dawa. Kalamu zilizotumika zilirudi kliniki kwenye kopo lao gumu. Wiki zikapita. Magamba ya viwiko ndiyo yaliyotangulia kukonda, kisha yakawa alama za waridi. Vidole vilijivuta. Kaka alikata kitambaa cha buluu mwezi wa tatu wa dawa, akitumia mkasi dakika kumi na kupumzika ishirini, na mimi nilikatazwa hata kuokota vipande sakafuni.

Asubuhi moja nilifika mapema kama kawaida, nikaenda kwenye cherehani yake nimtungie uzi. Nikakuta umeshatungwa. Uzi wa buluu, umepita kila kitundu unachotakiwa kupita, ncha yake imekatwa kwa mshazari kama tunavyofanya. Nilidhani nimepagawa. Nikageuka, nikamkuta kaka amesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai, kimoja kila mkono, na havimwagiki.

"Umechelewa kazini," akasema.

Nililia, sina haja ya kuficha. Yeye akasubiri nimalize, akanipa chai, akaniambia meza ya pasi ina vumbi.

Gauni lilikamilika siku nne kabla ya hafla. Pindo zake sitazisifu, jina la mwenyewe linatosha. Ila kulikuwa na kitu kilichonikera. Mgongoni, badala ya zipu, aliweka safu ya vifungo vidogo vya kufunikwa kwa kitambaa, kumi na sita, kila kimoja na kitanzi chake chembamba cha kushonwa kwa mkono. Nikamwambia zipu ni dakika ishirini tu, huo ni wazimu, na mtu hawezi kujifunga vifungo vya mgongoni peke yake.

"Najua," akasema.

Siku ya hafla nilifika kwao kuwachukua. Wifi alikuwa amesimama mbele ya kioo, gauni limekaa mwilini utadhani alizaliwa nalo, mgongo wazi. Kaka alikuwa nyuma yake, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko. Alianzia chini. Kifungo, kitanzi. Kifungo, kitanzi. Vidole vile vile ambavyo wifi alivifungia shati miaka miwili, sasa vilikuwa vinapanda mgongoni kwake kimoja kimoja, bila haraka na bila maumivu. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu. Wifi aliniona kwenye kioo macho yake yakiwa yamejaa machozi, akajikaza kiualimu.

"Baba watoto, fanya haraka, tunachelewa."

"Umengoja miaka kumi na moja," kaka akasema, akiwa kwenye kifungo cha tisa. "Dakika mbili ndizo zikushinde?"