Mtoto Asiyeweza Kusimama Bendera Ikishuka

Katika laini za polisi, zile nyumba za mabati zilizobanana ubavu kwa ubavu, jioni ilikuwa na sheria yake. Tarumbeta ikilia, bendera inashushwa, na kila mtu anasimama palepale alipo. Mwenye ndoo kichwani anasimama na ndoo yake. Anayesonga ugali anaacha mwiko, anatoka nje, anasimama. Ukiungua, basi umeungua. Mimi nilikuwa napita pale kuziba sufuria za watu, nami nilisimama vilevile na nyundo yangu. Ulikuwa ni utaratibu tu, kama mvua.

Aliyeshindwa alikuwa Amito, binti wa miaka minane. Tarumbeta ilipoanza alisimama vizuri kabisa, mikono ubavuni. Halafu anaona panzi, huyo. Anaona bata, huyo. Anakatiza uwanja mbele ya bendera, na watu wazima wamekauka kama magogo, hakuna awezaye kunyoosha mkono kumdaka.

Mama yake aliitwa Alal, mke wa konstebo Opoka, wote Waacholi. Nawaambia kabila lao kwa sababu miaka ile, baada ya wanajeshi kushika nchi, Waacholi wengi, wakidhaniwa ni watu wa serikali iliyopinduliwa, walikuwa wameitwa ofisini mara moja tu na hawakurudi. Opoka aliishi kwa kunyamaza. Sasa mtoto wake ndiye anakimbia mbele ya bendera.

Mara ya kwanza Opoka alilazwa mahabusu. Mara ya pili mkuu wa kambi alimwita.

"Opoka, nani anamfundisha huyu mtoto kudharau serikali?"

"Hakuna, afande. Ni utoto."

"Watoto wa wengine wanasimama. Akirudia tena, nitajua mwalimu ni wewe."

Opoka alirudi nyumbani, akavua mkanda. Alimpiga Amito mpaka yeye mwenyewe akakaa chini analia. Kesho yake mtoto alikuwa juu ya paa anafukuza kunguru. Kumfungia ndani haikuwezekana, maana amri ilisema wakati wa bendera kila mtu awe nje, milango wazi. Alal akawa anamshika mkono jioni kwa jioni, na mkono unachubuka, mtoto anajinyonganyonga. Usingizi ukamhama mama.

Jirani yake, Bi Kulthum, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa pwani, mke wa sajenti, alimwambia, "Mama Amito, hilo si jini. Jini hupumzika. Mpeleke hospitali."

Hospitalini walimkuta Daktari Omolo, kijana mpole mwenye koti lililochakaa kwenye kola. Alimpa Amito shanga na uzi atunge, akawa anaongea na mama huku jicho liko kwa mtoto. Aliuliza vingi: alianza lini kutembea, shuleni anamaliza somo, chakula anamaliza, akiitwa anasikia? Shanga zilikuwa tatu kwenye uzi, nyingine zote chini ya meza pamoja na mtoto mwenyewe.

"Si ukaidi, mama," alisema. "Akili yake inakimbilia kila kitu kwa pamoja, na mwili unaifuata. Ni ugonjwa, una dawa. Usimpige tena."

"Dawa ya kumlaza?"

"Hapana. Mtu mzima akinywa hii, anakesha."

Alal alimkodolea macho. "Daktari, huyu tangu nimzae hajatulia, nawe unataka kumwamsha zaidi?"

Omolo alicheka mpaka akashika meza. "Kwa watoto wa namna hii huwatuliza. Mpe asubuhi na chakula, umtazame."

Alimmiminia vidonge kwenye kikaratasi, akasema hivyo ndivyo vilivyobaki, ila ameagiza vingine.

Basi, Alal aliniambia mwenyewe: siku zile alikula akashiba. Amito alitunga shanga uzi mzima. Jioni tarumbeta ililia na mtoto akasimama, anamtazama bata anapita, na miguu haikwenda. Opoka alirudi kutoka zamu akamkuta mke wake anaimba.

Kikaratasi kilipobaki na vumbi, Alal alirudi hospitali. Chumba cha Omolo kilikuwa na kufuli. Muuguzi alimvuta pembeni.

"Usilitaje jina lake kwa sauti. Amevuka mpaka, Mungu akipenda."

"Na dawa aliyoagiza?"

"Mama, hapa hata pamba hakuna."

Alizunguka maduka ya dawa mjini. Wenye maduka walikuwa wamefukuzwa nchini na serikali ile, na waliopewa maduka yao walikuwa na rafu tupu. Katika mtaa wa Kabalagala mtu mmoja wa magendo alimuuzia vidonge vyeupe vilevile. Alivilamba njiani. Chaki.

Jioni ile hakuwa na kitu tena. Alichukua kanga, akaukunja mgongo, akambeba Amito kama kichanga, akakaza fundo kifuani. Miguu ya mtoto ilifika magotini kwake.

"Mama Amito, umezaa jitu?" wanawake walimtania.

Tarumbeta ililia. Alal alisimama wima. Mgongoni mtoto alirusha mateke, akapiga kelele, "Mama, niachie! Mama, kunguru!" Sauti ilijaa uwanja mzima. Bendera ilipokunjwa, mkuu alikuja moja kwa moja. Opoka alikuwa kwenye mstari, uso umekuwa majivu.

"Mume wako ndiye amemfundisha kelele hizi?"

"Hapana, afande. Ni mgonjwa. Daktari alimpima."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa akili kutotulia."

Mkuu alimtazama mtoto, akamtazama Opoka, kisha akasema polepole, "Kumbe. Basi Opoka hana kosa. Lakini wagonjwa wa akili hawakai katika laini zangu. Kesho asubuhi mtoto na mama yake watoke."

Asubuhi Opoka hakuweza kuondoka nao; polisi aliyeacha kazi miaka ile aliitwa adui. Alimtwisha mkewe godoro. Nje ya lango Amito aliachia mkono akatimua mbio kuteremka barabara, na huko chini wanajeshi walikuwa wameweka gogo njiani, bunduki zimewaelekea wapitao.

"Simama!" askari mmoja alimpigia mtoto kelele.

Alal alitupa godoro. Alimdaka Amito kwa gauni, gauni likachanika, akamshika nywele, akaanguka juu yake. Akiwa chini, midomo imejaa vumbi, alisema neno lilelile lililomtoa nyumbani:

"Ni mgonjwa, mwanangu. Ni mgonjwa."

Askari alishusha bunduki. "Mbebe, upite."

Alimfunga mgongoni, akapita, godoro akaliacha barabarani.